Je, wajua? Nani amenywea kikombe hiki, mwanamke au mwanamume?

Kibandani pembeni ya River Road, Nairobi, kikombe cheupe kimebaki mezani na alama nyekundu ukingoni. Ukiulizwa nani amekinywea utajibu papo hapo: mwanamke. Mpelelezi hana ruhusa ya kujibu hivyo. Rangi ya midomo hupakwa na yeyote apendaye, na vikombe vya mjini, tusidanganyane, wakati mwingine hubeba midomo ya mteja aliyetangulia. Yeye hukiinamisha kikombe kwenye mwanga akatafuta michirizi ndani ya ile rangi, na alama za vidole kwenye mshikio.

Tuanze na vidole. Ngozi ya ncha ya kidole imelimwa matuta kama shamba la viazi. Matuta hayo huumbika mtoto akiwa tumboni, na mpangilio wake haubadiliki mpaka kaburini. Kwa kawaida mwanamume ana mkono mkubwa na matuta mapana, mwanamke ana matuta membamba yaliyobanana. Kwa hiyo mtaalamu huchora mraba wa milimita 5 kwa 5 juu ya alama, akahesabu matuta kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Mwaka 1999 mtafiti Mark Acree, aliyepima alama za watu 400 nchini Marekani, alionyesha kuwa matuta 11 kushuka chini yaelekea kuwa ya mwanamume, na 12 kwenda juu yaelekea kuwa ya mwanamke.

Yaelekea. Wapo wanaume wenye vidole vyembamba na wanawake wenye viganja vipana, na mpaka huo wa 11 na 12 ulitoka kwa watu wale; jamii nyingine zina wastani wake.

Kama umewahi kutafuta cheti cha tabia njema hapa Nairobi, unamkumbuka afisa aliyekushika kidole kimoja kimoja, akakibingirisha juu ya karatasi huku akikwambia, "Legeza mkono." Hakuwa anatafuta jinsia yako, hiyo ilikuwa tayari kwenye fomu. Alitaka mahali tuta linapogawanyika na linapokatikia, maana hapo ndipo mtu hutofautiana na mwenzake. Babu zetu walichukuliwa alama hizo hizo kwa ajili ya kipande, kitambulisho kile cha kuning'inizwa shingoni enzi za mkoloni. Hesabu ya matuta hufaa zaidi pale alama isipopata mwenyewe kwenye kumbukumbu za polisi: angalau wajue waanze kumtafuta nani.

Midomo ni habari nyingine. Mwaka 1932 Mfaransa Edmond Locard alipendekeza michirizi yake itumike katika upelelezi, na mwaka 1970 Wajapani Suzuki na Tsuchihashi wakaipanga kwa makundi: ya wima, yenye panda, inayokatana, iliyosukwa kama wavu. Tsuchihashi alichunguza watu 1,364 asipate wawili waliofanana. Lakini kwenye jinsia mambo huvurugika. Watafiti wengine huona ya wima zaidi kwa wanawake na inayokatana kwa wanaume. Wengine wakipima kwao hupata matokeo mengine. Tena mdomo ni laini, ukibanwa kidogo alama hutanuka, na baridi ya Julai ya Nairobi huupasua ukawa na mistari ambayo haukuzaliwa nayo. Kule Illinois, Marekani, mtu alitiwa hatiani mwaka 1997 kwa alama ya mdomo kwenye utepe wa gundi, na baadaye hukumu hiyo ikatenguliwa.

Mimi ningeachana na michirizi nikafuata mate. Alama ikishapigwa picha, ukingo wa kikombe hufutwa kwa pamba na vinasaba vikapimwa. Kuna jeni iitwayo amelojenini, ipo kwenye kromosomu X na kwenye Y, ila ya X ni fupi kidogo. Mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X na Y. Kwa hiyo ukionekana urefu wa aina moja, kwa kawaida mnywaji ni mwanamke. Zikionekana aina mbili, ni mwanamume, hata kama alipaka rangi nyekundu.

Mradi mwenye kibanda hajakisuuza.