Jicho lishatolewa, maabara ya nini tena?

Juzi pale soko la Kibuye nikipimiwa omena, mama anayeniuziaga akaniuliza swali nikabeba mpaka nyumbani. Mtoto wa jirani yake, hata miaka mitatu hajafikisha, alitolewa jicho sababu ya uvimbe, halafu daktari akasema jicho linapelekwa maabara. "Si lishatoka? Ama wanaliuza?"

Hawauzi, mama.

Kwa watoto wadogo uvimbe wa ndani ya jicho mara nyingi ni retinoblastoma, saratani ya retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga. Mzazi anaweza kuiona kwa picha tu, umepiga na flashi, jicho moja linatoka jekundu kama kawaida na lingine linawaka jeupe. Wekundu ni mwanga unaorudi kutoka kwa damu iliyo nyuma ya retina, weupe ni uvimbe umekaa mbele yake.

Sasa, uvimbe wa titi daktari anadunga sindano, anatoa kinyama, kinapimwa kwanza ndio aamue. Hii hawadungi, ju katundu ka sindano kanaweza kufungulia seli za saratani njia ya kutoka nje ya jicho. Wanaamua kwa kuchungulia ndani na kwa picha za altrasaundi ama MRI, na si kila jicho linatolewa, mengine yanaokolewa na kemo, zile dawa za saratani, na leza. Likitolewa ndio maabara inapata nafasi yake.

Jicho hutoka na kamkia, kipande cha neva inayoenda kwa ubongo, na hako kamkia kana habari kubwa. Linawekwa kwa fomalini, dawa ya kuhifadhi, siku moja mbili likaze, halafu mwanapatholojia, daktari wa maabara, anakata ncha ya neva kwanza, kabla hajagusa jicho lenyewe. Akianza na jicho, kisu kitapita kwa uvimbe kiburute seli mpaka kwa neva, halafu maikroskopu imdanganye kwamba saratani ilikuwa imefika huko. Mi hapo nilivua kofia. Vipande vinakatwa vyembamba sana, vinapakwa rangi ya zambarau na pinki, na seli zingine unazikuta zimejipanga duara kama maua. Anaangalia pia kama uvimbe umezama kwa ukuta wenye mishipa ya damu, milimita 3 kwenda juu ni habari mbaya. Ncha ya neva ikiwa na seli, kuna zilizobaki njiani kuelekea ubongo, mtoto anahitaji kemo na hata mionzi. Ikiwa safi na ukuta uko sawa, mara nyingi ni kliniki tu za kuangaliwa.

Kuna pia RB1, jeni ambayo ikiharibika inaleta saratani hii. Mwaka wa 1971 mtafiti Alfred Knudson alieleza kwamba ugonjwa huu unahitaji hitilafu mbili, na mtoto anaweza kuzaliwa tayari na moja, ya kurithi.

Jumapili nikamrudishia mama jibu lake. Akanyamaza kidogo, mkono kwa gorogoro, akasema, "Na yule mdogo wake anayenyonya, ashaangaliwa macho?"