Gari la rimoti, vumbi la Nakuru na betri ya LiPo

Ukitaka kujua kama gari lako la rimoti limefika wakati wa kufunguliwa, soma kwanza kioo cha chaja. Chaja nyingi za kisasa zikimaliza kazi huonyesha ni mAh (miliampea-saa, kipimo cha kiasi cha umeme) ngapi zimerudi ndani ya betri. Tuseme zimerudi 4,000, na ulikuwa umelikimbiza gari dakika 20: wastani wake ni ampea 12. Zikirudi 4,000 zilezile baada ya dakika 14, kwenye uwanja uleule na kwa tairi zilezile, gari lilikuwa linavuta ampea 17. Hizo ampea tano za juu hazikuongeza mwendo. Zimeliwa na beringi zilizojaa uchafu na gia zinazosagana, kisha zikatoka kama joto kwenye mota na kwenye betri yenyewe. Kwa sababu hiyo sioni usafi na kuchaji kama mambo mawili. Betri inayovimba mapema, huenda imeumizwa na gari chafu kabla chaja haijaigusa.

Vumbi la hapa lina tabia yake. Udongo wa Nakuru kwa sehemu kubwa ni majivu ya volkano, ya Menengai na milima jirani. Ni laini kama unga, ila punje zake zina makali, na zikichanganyika na mafuta huwa msasa. Pitisha sumaku juu ya udongo mkavu uone chembe nyeusi zinavyoifuata. Chembe hizohizo hujikusanya ndani ya mota, kwa kuwa mota ina sumaku. Upande wa Elmenteita kuna vumbi jeupe la magadi, ambalo likilowa hula alumini na kuacha madoadoa meupe kwenye shoki. Ukishuka Kisumu, tambarare za Kano zina udongo mweusi unaonata. Huo ni rahisi zaidi kwa beringi, lakini ukikauka ndani ya magurudumu huyafanya yayumbe, na watu hulaumu shafti bure.

Kanuni moja inabeba kazi yote: vumbi la volkano hutolewa likiwa kavu. Ukianza na maji unalisukuma ndani ya kila mwanya, nalo likikauka huganda humo.

Chomoa betri kabla ya chochote. Si kuzima swichi tu, chomoa kabisa, maana vidole vikiwa katikati ya gia na risiva, kile kipokezi cha ishara za rimoti, ikashtuka, hutapata muda wa kujuta. Ondoa bodi. Chukua brashi ya rangi ya inchi moja yenye nywele laini, na mswaki wa zamani kwa pembe ndogo, usugue kuanzia juu ukienda chini huku gari limelala ubavu. Pampu ya baiskeli inatosha kupuliza kilichobaki. Kompresa ya kituo cha mafuta siipendi. Upepo wake hupenya kwenye vifuniko vya beringi ukiwa umebeba vumbi, na huzungusha beringi kavu kwa kasi ambayo haikuundiwa.

Vifaa havihitaji gharama kubwa, lakini funguo za pembe sita ziwe nzuri. Magari mengi ya kipimo cha 1/10, yaani moja ya kumi ya gari halisi, yanatumia za milimita 1.5, 2 na 2.5, pamoja na spana ya boksi ya milimita 7 kwa nati za magurudumu. Zile funguo laini zenye umbo la L zinazokuja na gari huviringika pembe, na zikiviringika huharibu kichwa cha skrubu pia. Skrubu ziweke kwenye trei ya mayai, kila shimo hatua yake, na piga picha kwa simu kabla ya kutoa kila kipande. Skrubu ya milimita 10 ikiingia mahali pa ile ya 8 inaweza kutokeza upande wa pili na kugusa gia.

Anza na magurudumu. Ukitoa nati na gurudumu utakuta kipande cha pembe sita, kwa kawaida cha milimita 12, na nyuma yake pini ndogo iliyopita katikati ya ekseli. Pini hiyo huanguka kimyakimya na kupotea kwenye nyasi, kwa hiyo fanya kazi hii mezani juu ya kitambaa cheupe. Kisha toa shafti, halafu beringi za kila kona. Ziweke moja moja kwenye ncha ya kidole na uzungushe taratibu. Beringi nzima huzunguka bila sauti. Ukihisi mikwaruzo, ni uchafu na inaweza kuoshwa. Ikicheza kushoto na kulia, imekwisha, nunua nyingine. Ukubwa wa 5×11×4 ndio unaokutana nao mara nyingi kwenye 1/10, lakini pima, usikisie.

Beringi yenye kifuniko cha mpira hufunguka. Ingiza ncha ya sindano kwenye ukingo wa ndani, inua kifuniko bila kukikunja. Iloweshe beringi kwenye mafuta ya taa au alkoholi ya isopropili dakika 10 hivi, itikise, badilisha mafuta yakichafuka, rudia mpaka yatoke safi. Iache ikauke kabisa kabla ya kuipaka tone moja, narudia moja, la mafuta ya cherehani. Mafuta mengi hapa Nakuru ni mwaliko kwa vumbi. Yenye kifuniko cha chuma usiilazimishe. Bei yake haifai kupotezewa jioni nzima. Petroli iache. Hushika moto upesi mno, na plastiki nyingi za gari huzipausha au kuzifanya zivunjike, hasa bodi ya polikaboneti. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu nazo si kilainishi cha beringi, kwa kuwa huyeyusha grisi iliyokuwemo kisha zenyewe hukauka.

Difu, yaani kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu mawili, usiifungue kwa mazoea. Zungusha gurudumu moja huku umeshika shafti ya kati: la upande wa pili likizunguka kinyume kwa ulaini, iache. Ikikwaruza au ikivuja, ifungue, futa kila gia, badilisha oringi (pete ya mpira) na gasketi ya karatasi, ujaze mafuta ya silikoni. Kwa gari la kukimbizwa kwenye mchanga na kokoto, mafuta ya uzito wa 5,000 hadi 10,000 (cSt) ni mahali pazuri pa kuanzia. Jaza mpaka yafunike pini ya msalaba, uache nafasi kidogo juu, la sivyo yakipata joto yatatafuta njia ya kutokea.

Pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, na gia kubwa ndipo pesa nyingi hupotelea. Ukirudisha mota, weka ukanda wa karatasi ya daftari katikati ya gia hizo mbili, sukuma mota mpaka zibane, kaza skrubu, kisha zungusha gia utoe karatasi. Iwe imekunjika kwa mistari bila kukatika. Zikibana mno utasikia mlio mkali na mota itachemka. Zikilegea, meno ya plastiki yataliwa kwa kukimbia mara moja. Skrubu ndogo ya pinioni ikae juu ya ule upande bapa wa shafti ya mota, na ipakwe gundi ya skrubu ya buluu. Gundi hiyo ni ya chuma kwa chuma tu, kwenye plastiki husababisha nyufa. Na gia zilizo wazi usizipake grisi. Najua zinapiga kelele. Grisi itakusanya majivu, na utakuwa umetengeneza msasa niliotaja.

Shoki: mwaga mafuta ya zamani, futa, kagua oringi, jaza mafuta ya silikoni ya uzito wa 30 hadi 40, pandisha na kushusha pistoni polepole, kisha iache imesimama dakika 10 ili mapovu yatoke.

Maji yanakuja mwisho, na ni kwa chasisi na tairi pekee, baada ya kutoa mota, sevo (mota ndogo ya usukani), risiva na ESC, yaani kile kidhibiti kinachogawa umeme kwa mota. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo yanatosha. Penye magadi, suuza mara mbili. Kausha kivulini penye upepo, usiku mzima, na Kisumu ongeza siku nyingine kwa sababu ya unyevu wa ziwa. Maandishi ya kwamba gari halipitishi maji yanahusu vifaa vya umeme. Beringi na skrubu hazimo kwenye ahadi hiyo.

Kuna jambo la hapa ambalo vitabu vya watengenezaji mara nyingi havilitaji. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 17 kuliko ya Mombasa. Mota hupozwa na hewa hiyo hiyo. Ikiwa baada ya kukimbia dakika tano huwezi kuweka kidole juu ya mota kwa sekunde tano, na gari ni safi, punguza pinioni jino moja au mawili kabla ya kuwaza feni.

Sasa betri. Seli moja ya LiPo (lithiamu-polima) ina volti 3.7 za kawaida, hujaa ikifika 4.20, na haifai kushuka chini ya 3.0 ikiwa kazini. Ukiisimamisha ikiwa 3.5 itakudumia muda mrefu zaidi. Betri ya 2S, ambayo ni seli mbili, hujaa kwenye 8.40, ya 3S kwenye 12.60. Kiasi cha kuchajia ni 1C, yaani ampea zinazolingana na uwezo wa betri: betri ya 5,000 mAh ichajiwe kwa ampea 5, ya 2,200 kwa ampea 2.2. Ile 50C iliyoandikwa kubwa ubavuni ni ya kutoa umeme, haihusiani na kuchaji. Anayeichanganya huweka ampea nyingi kuliko betri inavyoweza kupokea.

Betri iliyotoka kwenye gari ina joto. Ngoja ipoe mpaka iwe sawa na hewa ya chumbani. Ikague: ikiwa imevimba, imetobolewa, au inanukia utamu kama rangi ya kucha, haichajiwi tena. Ikiwa nzima, unganisha waya kuu na pia kile kiunganishi kidogo cheupe cha kusawazisha seli, chagua LiPo, chagua 2S au 3S, chagua hali ya kusawazisha, kisha soma kioo tena kabla ya kubonyeza. Kuchaji LiPo kwa mpangilio wa NiMH, aina nyingine ya betri (nikeli), ndilo kosa baya kuliko yote, kwani chaja haitasimama kwenye 4.20. Angalia pia volti za kila seli: zikipishana kwa zaidi ya 0.1 mwanzoni, punguza ampea iwe nusu na ukae karibu. Chaja ya wati 50 haitaipa 3S ampea 5, kwa sababu hizo ni wati 63. Itatoa 4 hivi. Si mbovu.

Pa kuchajia pawe sakafu ya saruji, betri ndani ya chungu cha udongo au sufuria nzito isiyotumika, mbali na pazia, godoro na mtungi wa gesi. Chini ya mabati saa saba mchana si mahali pake. Usilale, usitoke kwenda dukani. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu, ukijua kwamba mchanga huzuia moto kusambaa lakini hauzimi kinachowaka ndani. Maji mengi hupoza, mradi chaja imechomolewa ukutani. Moshi wake ni sumu. Toa watu kwanza.

Stima ikipotea, chomoa betri kwenye chaja mara moja, waya zote mbili. Chaja nyingine zikiwa zimezimika hunyonya betri kidogo kidogo kupitia ule waya wa kusawazisha, na ukiisahau muda mrefu unaweza kukuta seli ziko chini ya volti 3. Stima ikirudi, subiri dakika chache itulie ndipo uanze upya. Wenye betri ya sola ya volti 12 wako salama zaidi: chaja nyingi hupokea volti 11 hadi 18 moja kwa moja, na 2S ya 5,000 kwa ampea 5 itavuta ampea 4 hivi kutoka kwenye betri kubwa. Nyekundu iende kwenye chanya, na klipu zifungwe kabla ya kuunganisha LiPo.

Kama hutakimbiza gari kwa zaidi ya siku mbili tatu, tumia hali ya kuhifadhi, inayoacha kila seli kwenye 3.80 hadi 3.85. Betri iliyojaa ikikaa wiki nzima kwenye joto inaweza kuvimba bila kufanya kazi yoyote.

NiMH ya volti 7.2 ina seli sita na ni mpole, lakini ile chaja ndogo inayokuja kwenye boksi kwa kawaida haijui kusimama. Betri ya 1,800 mAh kwa chaja ya 250 mA ni saa saba na kitu. Ongeza thuluthi kwa ajili ya upotevu, ifike saa tisa au kumi, kisha chomoa kwa saa, usingojee taa. Na ukihama kutoka NiMH kwenda LiPo, washa kinga ya LiPo kwenye ESC, ile inayokata umeme volti zikishuka mno. Kwa magari mengi ni kijampa kidogo tu cha plastiki, na kisipohamishwa gari litakimbia mpaka limalize seli kabisa.

LiPo iliyovimba bila kutobolewa iishe nguvu nje ya nyumba, ndani ya ndoo ya mchanga, ikiwa imeunganishwa na balbu ya gari ya volti 12, wati 21. Iache humo saa kadhaa baada ya balbu kuzimika. Maji ya chumvi yanayosifiwa mitandaoni hula viunganishi kwanza, na betri hubaki na umeme ndani. Kata waya moja moja, kamwe zote kwa mkupuo, funga kila ncha kwa utepe, upeleke kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Kwenye pipa la kawaida itaishia jalalani Gioto, hapa Nakuru, ambako watu huchambua taka kwa mikono na moto haukosekani.