Jubilei na kitenzi cha Kilatini

Kwenye jubilei ya parokia au ya ndoa, msemaji hukumbusha kwamba "jubilei" limetokana na kitenzi cha Kilatini iubilare, kushangilia. Wengi tunaamini hivyo, na kwa kweli yanafanana mno.

Ila mzizi wake ni Kiebrania: yobel, kondoo dume, na pia pembe yake iliyopigwa kama baragumu kutangaza mwaka wa 50, watumwa waachiwe na mashamba yarudi kwa wenyewe. Kigiriki kikasema iobelaios. Lilipoingia Kilatini, masikio yakalisogeza karibu na iubilare, likawa iubilaeus. Kwa hiyo imani hii ina chembe ya ukweli: kitenzi hakikulizaa neno, kililibadili sura tu. Chenyewe kilikuwa cha mashambani, ukelele wa wakulima, kabla ya kuwa shangwe ya kanisani.

Ukitaka kuhakiki, fungua Mambo ya Walawi 25 katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version. Utakuta "yubile", kwa y, na baragumu iko aya moja tu juu yake. Kisha tazama kamusi yoyote inayoonyesha asili ya maneno: fuata lugha moja baada ya nyingine, usiishie kwenye ya kwanza inayofanana.