Shira ya tangawizi bila sukari: maswali yanayorudi kila siku ya kliniki

Mbeya ikifika Juni, watu wengi hawaagizi soda baridi. Mtu anaketi kwenye benchi la mgahawa pale Mwanjelwa, koti limefungwa mpaka shingoni, anasema, "Nipe tangawizi, ya moto," yaani soda ya tangawizi ambayo haijaingia kwenye friji. Akinywa mbili kwa siku haoni shida, kwani tangawizi si ndiyo dawa ya baridi? Mimi ni muuguzi, na siku ya kliniki ya kisukari soda hii haikosi kutajwa. Nilipoanza kuwaelekeza watu namna ya kujitengenezea shira ya tangawizi isiyo na sukari, ya kuchanganya na maji wakati wa kunywa, maswali yakaongezeka. Haya ndiyo yanayorudi.

Tangawizi ni mmea, umetoka shambani. Soda yake itakuwaje mbaya?

Tangawizi haina kesi, mama. Mwenye kesi ni sukari. Soda ya kawaida ya mililita 350 mara nyingi hubeba gramu 35 hadi 40 za sukari. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4, kwa hiyo ni vijiko tisa au kumi. Hebu jaribu kuvitia vyote kwenye kikombe kimoja cha chai mbele ya wageni, uone watakavyokutazama. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ikishuka chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Chupa moja imeshapita hizo 25, na andazi bado hujaligusa.

Soma lebo. Nyingi huandika sukari iliyomo katika kila mililita 100, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, maana hakuna anayekunywa mililita 100. Zidisha kwa ukubwa wa chupa yako.

Nikiweka asali je? Au sukari guru?

Asali ni sukari kwa karibu sehemu nne kati ya tano, na zinazobaki karibu zote ni maji. Mwili wa mwenye kisukari hauulizi kama imetoka kwa nyuki wadogo au wakubwa. Sukari guru vilevile, na shira ya tende vilevile. Kama huna kisukari na unapenda ladha ya asali, tia kidogo ukijua kwamba unatia sukari. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali kabisa, hata tone, kwa sababu inaweza kumletea botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli.

Basi nielekeze. Inatengenezwaje?

Kwanza nikiri kwamba jina lenyewe linanichekesha. Shira ni sukari iliyochemshwa na maji, ile wanayomwagia kaimati. Shira isiyo na sukari ni kama ugali usio na unga. Lakini watu wameshalizoea jina, tuliache.

Chukua robo kilo ya tangawizi mbichi, ngumu, isiyonyauka wala kuota ukungu. Isugue udongo wote kwenye mapindo yake. Si lazima kuimenya, ila ukitaka, ngozi inakwanguka vizuri kwa ncha ya kijiko kuliko kwa kisu. Itwange kwenye kinu au isage kwa blenda. Itie kwenye sufuria na lita moja ya maji, pamoja na mashina mawili ya mchaichai yaliyopondwa, kipande cha mdalasini na karafuu tatu. Hiliki ukiwa nayo. Viungo hivi vina kazi kubwa kuliko urembo: mdalasini na hiliki huupa ulimi hisia ya utamu ambao haumo, na kwa kinywaji kama hiki huo ni msaada mkubwa.

Kikishachemka punguza moto, funika nusu, uache dakika 30 hadi 40 mpaka ibaki kama robo tatu ya lita. Huku kwetu usiwe na haraka. Mbeya mjini ipo kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 au zaidi kidogo, si 100 kama Dar es Salaam. Ndiyo maana maharage ya Njombe na Makete yanakula kuni kuliko ya pwani. Tangawizi nayo inataka muda wake.

Chuja kwa kitambaa safi na ukamue. Acha itulie kama saa moja ikiwa imefunikwa, utaona unga mweupe umelala chini. Huo ni wanga wa tangawizi, si uchafu. Mimina taratibu maji ya juu, uache ule wanga. Rudisha jikoni yachemke tena, kisha epua, halafu ndipo utie maji ya ndimu, nusu kikombe kwa kiasi hiki. Ukiyatia ndimu mapema harufu yake inaruka na mvuke, na kama sufuria ni ya alumini ule uchachu unaila. Mimina ikiwa ya moto kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, na uipashe kwanza kwa maji ya moto isije ikapasuka.

Makapi usiyatupe. Yana nguvu bado. Yanatosha chai ya asubuhi ya nyumba nzima.

Wakati wa kunywa, sehemu moja ya shira kwa sehemu nne za maji. Wanaopenda kuwashwa koo hutia tatu.

Yangu ilichacha siku ya nne. Ya jirani yangu, yenye sukari, inakaa zaidi ya mwezi. Nilikosea wapi?

Hukukosea. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kitu ambacho maelekezo mengi hayakisemi.

Kwenye shira, sukari hufanya kazi tatu. Inatia utamu, hiyo kila mtu anaijua. Inatia uzito, ndiyo maana shira ya kweli hutiririka kama asali na yako ikamwagika kama maji. Ya tatu ndiyo iliyokuponyoka: sukari ni mlinzi. Ikifika karibu theluthi mbili ya uzito wa shira, inayashika maji yote kiasi kwamba bakteria na ukungu hawapati ya kwao. Wanakauka wakiwa ndani ya kimiminika. Chumvi nayo inafanya hivyo kwenye samaki wa ng'onda.

Ukitoa sukari ukaweka matone ya stevia, kitamu kisicho sukari, umerudisha kazi ya kwanza tu. Mlinzi ameondoka na mlango uko wazi. Chupa yako sasa ni mchuzi wa tangawizi, na kama mchuzi mwingine wowote unataka friji. Ndani ya friji iliyo na baridi kweli, nyuzi 4 hivi, itumie kwa siku tano hadi saba. Mimi kwangu huigandisha kwenye vile vitrei vya barafu, kisha vipande navitia kwenye mfuko. Kipande kimoja, glasi moja. Hivyo hukaa miezi miwili au mitatu, umeme ukiwa na adabu.

Kuna wanaosema, "Lakini Mbeya kwenyewe ni friji." Usiku wa Julai, sawa. Saa nane mchana jikoni ni habari nyingine. Na hatari yenyewe si kuchacha, maana kilichochacha utakigundua kwa pua. Tangawizi ni kitu cha chini ya udongo, na udongoni kuna mbegu za yule bakteria wa botulizimu niliyemtaja kwenye asali. Kuchemsha kwa kawaida hakuziui, hata kwa nyuzi 100, sembuse hizi 94 zetu. Zinataka nyuzi 121 chini ya presha. Zikijikuta kwenye chupa iliyozibwa, isiyo na hewa, yenye joto la chumbani na isiyo na uchachu wa kutosha, huamka na kutoa sumu ambayo unaweza usiione wala kuinusa. Uchachu huwazuia kuota. Kwa hiyo ile nusu kikombe ya ndimu usiipunguze kwa sababu tu mtoto hapendi uchachu, na hata ukiitia, chupa isikae kabatini.

Huna friji? Achana na shira. Kata tangawizi vipande vyembamba, anika vikauke kabisa mpaka vivunjike kwa sauti, saga unga, weka kwenye kopo kavu. Nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya moto, acha kidogo, chuja, kamulia ndimu. Tangawizi iliyokauka inawasha kwa namna nyingine, kali zaidi, kwa sababu sehemu ya ile kemikali ya kuwasha hugeuka inapokaushwa. Wengine wakishaionja hawarudi kwenye mbichi.

Utamu wake nitie nini?

Ukiniuliza mimi, usitie kitu kwa wiki mbili. Ukishindwa kuacha ghafla, anza na kidogo sana cha ulichozoea, punguza kila siku chache. Ulimi unafundishika.

Lakini najua si kila mtu ataweza. Stevia inatokana na majani, na kemikali zake zilizosafishwa ni tamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari, kwa hiyo kipimo ni tone, si kijiko. Ukizidisha inaacha uchungu nyuma ya ulimi. Geuza paketi usome kabla ya kununua. Nyingi zilizoandikwa stevia kwa herufi kubwa, ndani kitu cha kwanza ni erithritoli, kitamu kingine, na nyingine zina dekstrosi au maltodekstrini, ambavyo hupandisha sukari ya damu. Erithritoli haipandishi, ila utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliihusisha na matatizo ya moyo. Haukuthibitisha kwamba ndiyo chanzo, lakini kwa mgonjwa wangu mwenye moyo siisukumi. Aspatemu, kitamu kingine cha dukani, haipendi moto mrefu, utamu wake hupotea, basi itiwe kwenye glasi.

Mwaka huohuo wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitamu hivi kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwagusa watu ambao tayari wana kisukari. Kwao, kwenye kinywaji cha mara mojamoja, bado ni afadhali kuliko vijiko tisa.

Gesi naitoa wapi?

Dukani, kwenye maji ya soda, yale yenye gesi yasiyo na ladha. Usichukue toniki ukidhani ni kitu kimoja: toniki ya kawaida ina sukari karibu sawa na soda.

Kuna wanaotia magadi soda na ndimu ili ipovue. Inapovua kweli, kwa nusu dakika. Lakini kijiko kimoja cha chai cha magadi hayo ya kuokea kina sodiamu zaidi ya miligramu 1,200, wakati kikomo cha siku nzima ni 2,000. Mwenye presha hapo amejichapa mwenyewe.

Kuivundika na hamira, kama ulanzi wa Iringa unavyojichachua wenyewe? Haiwezekani bila sukari. Hamira hula sukari ndipo itoe gesi. Na chupa za kioo zilizozibwa juu ya kitu kinachochacha hupasuka.

Nimesikia tangawizi inashusha sukari. Niache vidonge?

Hapana. Kuna tafiti zilizoona ikishusha kidogo, lakini nyingi ni ndogo na matokeo yake hayafanani. Hakuna hata moja inayoifanya iwe badala ya dawa.

Kuna asiyeruhusiwa?

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aongee na daktari wake kwanza, kwa kuwa tangawizi nyingi inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Anayesubiri upasuaji vilevile. Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo asiinywe akiwa na njaa. Mwenye mawe kwenye nyongo aulize kabla. Mjamzito mwenye kichefuchefu inaweza kumsaidia kwa kiasi cha chakula. Kipimo kilichotumika kwenye tafiti nyingi ni kama gramu moja ya unga wake kwa siku, si jagi, na amwambie mhudumu wa kliniki. Na kwa wote, hii ina ndimu, na ndimu hula meno. Inywe na chakula, usiwe unainywa tonetone kutwa nzima.

Bibi yetu anachoma insulini. Nyumbani sasa tuna hii tu. Kuna la kuangalia?

Lipo, na nilitaka uliulize. Siku moja familia ilimleta mama yao akiwa hajitambui vizuri, jasho linamtoka, mikono inatetemeka. Sukari ilikuwa imeshuka. Walikuwa wamempa soda, kama tulivyowafundisha. Glasi mbili. Ila ilikuwa ile ya nyumbani, isiyo na sukari hata chembe, na nusu saa ilipotea hivyo.

Sukari ikishuka, anahitaji sukari yenyewe: gramu 15 hivi, vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya dukani ya kawaida. Subirini dakika 15, pimeni tena, rudieni kama bado iko chini. Kama hawezi kumeza, msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Kwa hiyo chupa moja ndogo ya soda ya kawaida ibaki ndani, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tatu anapajua. Na ile ya tangawizi ibandikeni karatasi, kwa maandishi makubwa: HAINA SUKARI, SI YA DHARURA.