Kupanda kanisa si kutundika bango
Jumapili iliyopita, katika kanisa ninaloabudu hapa Kisumu, tangazo lilisomwa: "Tumepanda kanisa lingine Ahero, Bwana asifiwe!" Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimepita hapo Ijumaa. Kuna bango, hema, viti vya plastiki na spika mbili. Mhubiri wetu huenda huko saa nane akimaliza ibada yetu, na jioni hurudi na sadaka. Hilo ni tawi.

Kupanda kanisa ni waumini kuwatuma baadhi yao mahali pengine wakaanzishe ushirika mpya, ambao baadaye utajisimamia. Basi.

Kinachotupotosha ni neno kanisa lenyewe. Tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwenye Kiaramu, ambako lilikuwa na maana ya kusanyiko. Shina hilohilo ndilo lililozaa Knesset, jina la bunge la Israeli. Hakuna mabati humo. Lakini sisi tukisikia "kanisa linavuja" tunatazama paa. Marafiki wa Kaimosi, magharibi mwa Kenya, hao Wakristo wa dhehebu la Quaker, walibaki karibu na maana ya kale: ushirika wao huuita mkutano, upo wa mwezi na upo wa mwaka. Wamisionari watatu kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na kufikia 1946 Afrika Mashariki ilikuwa na Mkutano wa Mwaka wake, yaani ushirika mkubwa unaojisimamia.

Kupanda nako ni neno la shambani. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji. Na kwa kuwa tumetaja Ahero, mpunga wa pale wengi tumeuona ukipandikizwa. Mbegu husiwa kitaluni kwanza. Miche ikishapata wiki tatu au nne hung'olewa, hufungwa vichopa, kisha akina mama huinama kwenye tope wakiichomeka kidogo kidogo hadi mgongo uwaume. Ukirudi kitaluni unakuta mapengo. Mapengo hayo ndiyo ninayoyatafuta mimi nikiambiwa kanisa limepandwa: huku nyumbani amepungua nani? Katika Matendo ya Mitume, waumini wa Antiokia waliwatoa Barnaba na Sauli, ndiye Paulo, walimu wao wenyewe, si watu waliokuwa wakikaa bure.

Na wale waliokosana juu ya hesabu za harambee, wakaondoka na nusu ya kwaya wakafungua lao ng'ambo ya barabara? Hao wamemeguka. Hakuna aliyewatuma. (Mtume, kwa Kiswahili, ni mtu aliyetumwa. Ukiona bango la anayejiita Mtume, una haki ya kuuliza katumwa na nani.)

Mzee wetu wa matangazo, sina ugomvi nawe. Tawi ni jambo jema, litangaze kwa jina lake. Ila mwaka juzi tuliwaita mbele watu saba, tukawawekea mikono, majina yao yakatolewa kwenye rejista yetu, wakahamia Muhoroni pamoja na watoto wao. Mmoja alikuwa mpiga kinanda, na tangu hapo tunaimba kwa kayamba na makofi. Siku ile, mzee, ulisimama ukasema tu, "Wenzetu wamehama."