Ubongo hubadilika, ila si kisingizio cha kukwepa matibabu: maswali na majibu kuhusu mazoea na mawazo

Unyumbufu wa ubongo ni kitu gani?

Ni uwezo wa ubongo kujibadili kutokana na unachofanya, unachojifunza na unachopitia. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, na seli hizo huwasiliana kupitia maungio mengi mno. Ungio linalotumika mara kwa mara huimarika, lisilotumika hufifia. Mwanasaikolojia wa Kanada, Donald Hebb, alilieleza wazo hili mwaka 1949. Baadaye Eric Kandel alionyesha kwa kuchunguza konokono wa baharini kwamba kujifunza hubadilisha maungio yenyewe, na mwaka 2000 akapata Tuzo ya Nobel. Mengine yanayouzwa kwa jina hili, kama vidonge vya kuamsha ubongo na kozi za siku tatu, tuyaache.

Ubongo wa mtu mzima nao unabadilika, au ni wa watoto tu?

Unabadilika. Mwaka 2000 watafiti wa London waliwapiga picha za MRI, yaani picha za ndani ya ubongo, madereva wa teksi waliokariri mitaa ya jiji lile. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayohusika na kukumbuka njia, ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine, na ilizidi kadiri dereva alivyokaa kazini miaka mingi. Sehemu ya mbele ilikuwa ndogo. Jambo hilo la mwisho husahaulika sana: ubongo ukijenga huku, huweza kupunguza kule. Tena hauchagui kizuri. Njia inayomfundisha mtu lugha mpya ndiyo hiyo hiyo inayomfundisha hofu, uraibu na kujidharau.

Nimekunywa pombe kila siku kwa miaka. Nikiamua kuacha leo, si ubongo utajizoesha wenyewe?

Hapana. Ukiruka maswali mengine yote, hili lisome hadi mwisho.

Ubongo wa mnywaji wa kila siku umekwisha kujibadili. Pombe huutuliza, nao kwa muda mrefu umejibu kwa kuongeza mwendo na kulegeza breki ili mtu aweze kusimama na kufanya kazi. Ukiondoa pombe ghafla, mwendo unabaki na breki hazipo. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na mapigo ya moyo kwenda mbio huanza ndani ya saa chache. Degedege huweza kutokea kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho. Kuanzia siku ya pili au ya tatu wengine huweweseka: wanaona wadudu ukutani ambao hakuna mwingine anayewaona, hawajui wako wapi, mwili unapata joto na presha inapanda. Hali hiyo huua watu. Haihusiani na udhaifu wa nia, ni ubongo unaofanya kile ulichozoeshwa.

Dalili ya kuangalia nyumbani ni hii. Mtu anaamka, anashika glasi ya maji, na mkono unatetemeka hadi maji yanamwagika kabla hayajafika mdomoni. Anakunywa pombe kidogo, mkono unatulia. Huyo asiachishwe na ndugu, asifungiwe chumbani, wala asipelekwe mahali pasipo na mhudumu wa afya. Aende kituo cha afya kabla hajaacha. Huko hupewa dawa za kuzuia degedege, ambazo dozi yake hupunguzwa kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1, kwa sababu upungufu wake huharibu ubongo na kumbukumbu.

Hata kama nia yangu ni kubwa na ndugu wananisaidia?

Hapana. Nia haizuii degedege. Kuacha ni uamuzi mzuri kabisa. Kosa ni kuacha ghafla, peke yako, bila kupimwa.

Na dawa za usingizi au za wasiwasi, kama diazepamu, nilizotumia miezi kadhaa?

Jibu ni lile lile. Usizikate siku moja, kwa maana nazo huweza kuleta degedege. Hupunguzwa polepole kwa ratiba ya daktari, kwa wiki au miezi.

Sigara je?

Sigara unaweza kuiacha leo. Arosto ya nikotini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, inasumbua lakini haiui. Huwa kali zaidi siku 2 au 3 za kwanza, kisha hupungua kwa wiki 2 hadi 4. Hamu yenyewe huja kwa vipindi, na kila kipindi hupita baada ya dakika chache ukijishughulisha na kitu kingine. Vibandiko au jojo za nikotini husaidia, na si aibu kuvitumia.

Nimeamua kubadili tabia mara kumi. Mbona narudi palepale?

Kwa sababu kuamua na kuzoea hufanyika sehemu tofauti. Uamuzi hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo huchoka kwa kukosa usingizi, msongo wa mawazo na njaa. Kitendo kilichorudiwa vya kutosha hushikwa na viini, yaani vikundi vya seli za neva, vilivyo ndani kabisa ya ubongo, navyo havisubiri uamuzi wako. Vinasubiri kichocheo: mahali, saa, mtu, harufu, hisia fulani.

Angalia simu ya usiku. Mtu amestuka saa nane, macho bado yamefumbwa, mkono umekwisha kuingia chini ya mto. Mwanga unampiga usoni ndipo anagundua ameishika. Katika hatua hiyo hakuna uamuzi wowote uliopita. Kumwambia mtu huyu ajikaze ni kupoteza muda wake.

Nifanyeje basi?

Kwanza ujue kichocheo. Kwa siku 7 andika kila mara tabia inapotokea: saa ngapi, ulikuwa wapi, ulihisi nini dakika moja kabla, ulipata nini baadaye. Usijaribu kubadili chochote wiki hiyo. Wengi huiruka hatua hii kwa kudhani wanajijua. Kumbe aliyedhani anakula vitafunio kwa njaa anakuta daima ni baada ya simu fulani za kazini.

Kisha kiondoe kichocheo au ukiwekee kikwazo. Simu ichajiwe chumba kingine, na saa ya kuamshia iwe saa ya kawaida ya mezani. Hatua mbili za ziada zinatosha kumwamsha anayeamua ndani yako.

Halafu weka kitendo mbadala. Ubongo haujifunzi 'kutofanya', hujifunza kufanya kingine. Andika sentensi moja kwa muundo huu: 'Nikishtuka usiku, nitabaki nimelala chali na kuhesabu pumzi hadi 20.' Ikiwa baada ya kama dakika 20 hujalala, toka kitandani, kaa penye mwanga hafifu, rudi usingizi ukija. Kwa anayeuma kucha au kung'oa nywele, mbadala ni kukunja ngumi na kuishikilia kwa dakika moja kila hamu inapoanza. Afanye hivyo mkono unapoanza kupanda, asisubiri ufike mdomoni.

Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Anayeanza Jumatatu na mazoezi, kuacha sukari, kuamka alfajiri na kuacha mitandao ya kijamii, mara nyingi Alhamisi hana hata kimoja.

Ni kweli siku 21 zinatosha?

Si kweli, na imani hii imewakatisha tamaa wengi. Chimbuko lake ni maelezo ya mwaka 1960 ya daktari mmoja wa upasuaji wa kurekebisha sura, Marekani, aliyeona wagonjwa wake wanachukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Habari ya mazoea haikuwa humo. Utafiti wa University College London uliotoka mwaka 2009 uliwafuatilia watu 96, kila mmoja akirudia kitendo kimoja kila siku. Muda wa kati wa kitendo kufanyika bila kufikiri ulikuwa siku 66. Kwa wengine ilikadiriwa siku 18, kwa wengine 254. Kunywa glasi ya maji huzoeleka upesi, mazoezi ya viungo huchelewa. Siku ya 22 ukiona bado ni kazi, hujashindwa.

Nikikosa siku moja, nianze upya?

Hapana. Utafiti huo huo ulionyesha kukosa mara moja hakukuharibu kitu. Kinachoharibu ni kusema 'nimeshavuruga' kisha kuacha wiki nzima.

Tabia ya zamani hufutika kabisa?

Kwa kawaida haifutiki. Njia mpya hujengwa juu yake na kuizuia. Ndiyo maana mtu aliyekaa miezi bila kuvuta sigara anarudi kwenye kijiwe cha zamani na hamu inamrukia kana kwamba aliacha jana. Kabla ya kwenda mahali pa zamani, panga utafanya nini na utaondoka saa ngapi.

Mawazo mabaya yanajirudia kichwani. Nijilazimishe kuyafukuza?

Usiyafukuze. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, nao wakaendelea kumfikiria. Zuio lenyewe lilikuwa ukumbusho.

Njia inayofaa ni kuliandika wazo. Chora safu tano: tukio, wazo, hisia na ukali wake kati ya 0 na 100, ushahidi wa pande zote mbili, kisha maelezo mengine yanayowezekana. Mfano: bosi hakujibu salamu. Wazo: 'Atanifukuza.' Hofu: 80. Ushahidi wa kulikubali: hakujibu. Wa kulipinga: alikuwa kwenye simu, na jana alinipa kazi ya mwezi ujao. Maelezo mengine: hakusikia. Hofu sasa: 35. Angalia kwamba hatukuandika 0, wala hatukuandika 'bosi ananipenda sana'. Kujidanganya kwa maneno matamu hakufanyi kazi, maana ubongo unaujua uongo wako.

Kwa wanaowaza kutwa nzima, tenga dakika 20 hadi 30 saa ile ile kila siku, mbali na saa ya kulala. Wazo likija asubuhi, liandike na uliahirishe hadi saa hiyo.

Nimejisikia vibaya miezi mitatu. Najizoesha kuwaza vizuri kwanza, nikishindwa ndiyo niende hospitali?

Hapana. Hili ndilo linalotuchosha kuliko yote: watu wanaofika kutibiwa wamekonda, wamepoteza kazi, na jibu ni 'nilikuwa najibadilisha mwenyewe'. Huzuni au kukosa hamu ya mambo karibu kila siku kwa wiki 2, pamoja na usingizi kuvurugika, kula kubadilika, uchovu, kushindwa kutuliza akili au kujiona hufai, hizo ni dalili za sonona. Wiki 2, si miezi 3. Mazoezi ya mawazo ni sehemu ya tiba, na mshauri aliyefunzwa atayafanya pamoja nawe. Si mtihani wa kuufaulu kabla ya kuruhusiwa kutibiwa.

Na nikianza kufikiria kufa?

Nenda leo, si kesho. Mwambie mtu mmoja sasa hivi akusindikize. Na wewe unayeambiwa, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu karibu naye, wala usimwambie abadilishe mawazo.

Natumia dawa za sonona na sasa najisikia vizuri. Nizisimamishe, nitumie unyumbufu wa ubongo tu?

Hapana. Dawa hizi huanza kuonyesha kazi baada ya wiki 2 hadi 4 hivi, na baada ya kupona huendelea kwa miezi 6 angalau ili ugonjwa usirudi. Ukizikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, hasira na mishtuko kama ya umeme kichwani. Dawa na mazoezi ya mawazo havigombani, vyote viwili hufanya kazi kwenye ubongo ule ule. Ukitaka kuacha, mwambie aliyekuandikia, akupunguzie.

Usingizi na mazoezi vina nafasi gani?

Kubwa. Ubongo hukomaza ulichojifunza ukiwa umelala. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na anayelala saa 4 anapanda mbegu kwenye mwamba. Mwendo wa haraka wa dakika 30, siku 5 kwa wiki, unatosha kuanzia.

Nikifika kituoni niseme nini?

Beba ile karatasi ya siku 7 na pakiti za dawa zote unazotumia, hata zilizoisha. Sema tatizo limeanza lini na limekuzuia kufanya nini. Kama unakunywa, taja kiasi halisi kwa siku, usikipunguze kwa aibu, maana dozi ya kukukinga hutegemea hesabu hiyo. Taja pia kama umewahi kupata degedege ulipoacha, na saa ya kinywaji chako cha mwisho.