Je, wajua kwa nini mafuta ya kupikia hung'oa gundi ukutani pale maji yanaposhindwa?

Posta iliyokaa ukutani miaka miwili ukiibandua, karatasi hutoka, gundi hubaki. Ukisugua kwa maji ya sabuni mpaka mkono uchoke, gundi hujiviringisha vijipande vyeusi na kunata vilevile. Lakini mafuta kidogo ya alizeti huilegeza kwa dakika chache.

Gundi ya selotepu na stika haikauki kama gundi ya mbao. Hutengenezwa ibaki laini siku zote: ni mpira uliochanganywa na rezini (kitu cha kunata kama utomvu wa mti), au plastiki ya jamii ya akriliki. Richard Drew wa kampuni ya 3M, Marekani, aliyetoa tepu ya karatasi ya wapaka rangi mwaka 1925, alikuwa anatafuta kitu kitakachobanduka bila kung'oa rangi mpya ya gari. Lakini kubanduka vizuri hutegemea tepu imekaa muda gani. Kwa kuwa ni laini, gundi hutambaa polepole na kuingia kwenye vitundu vya ukuta visivyoonekana kwa macho. Baadaye hewa na joto huizeesha, ikawa ya manjano na ngumu. Tepu ya jana na tepu ya mwaka juzi ni kesi mbili tofauti kabisa.

Maji hayapatani na mpira wala rezini, kwa hiyo hupita juu tu. Mafuta yana asili inayokaribiana navyo: hupenya ndani, gundi ikavimba na kuuachia ukuta. Mafuta ya taa hufanya hivyohivyo, tena upesi, ila mvuke wake na hatari ya moto vinatosha kuyaacha nje ya chumba cha kulala. Thinna usiiguse, haibagui gundi na rangi.

Ukuta wenyewe ndio wenye uamuzi. Kwenye rangi ya mafuta, paka, ngoja kama robo saa, kwangua kwa kadi ya plastiki. Rangi ya maji isiyong'aa, na chokaa hasa, hunywa mafuta na kukuachia doa baya kuliko gundi. Hapo anza na joto la mashine ya kukaushia nywele, kisha uiviringishe gundi kwa kidole ingali laini. Spiriti husaidia kwa gundi ya akriliki, lakini nayo hufuta rangi ya maji, kwa hiyo ijaribu kwanza nyuma ya kabati.

Gundi ikishatoka, mafuta yasibaki, maana rangi mpya haishiki juu yake. Sasa ndiyo zamu ya sabuni ya vyombo: molekuli yake ina ncha moja inayoshika mafuta na nyingine inayoshika maji, na safari hii mafuta yapo, tayari kubebwa.